Ufugaji wa ng'ombe na kondoo wilayani Newala

Ufugaji wa ng'ombe na kondoo wilayani Newala ni ufugaji mdogo wa kifamilia unaoendeshwa pamoja na kilimo cha korosho, mihogo na mahindi juu ya uwanda wa Makonde, katika Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania. Kaya yenye mifugo huwa na wanyama wachache tu: kuku, mbuzi kadhaa, pengine kondoo wawili watatu, na mara chache ng'ombe mmoja au wawili. Hali ni hiyo hiyo katika Wilaya ya Tandahimba, iliyokuwa sehemu ya Newala hadi mwaka 1995, na kwa kiasi fulani huko Masasi, ingawa sehemu kubwa ya Masasi iko chini ya uwanda na ina mabonde na mito ya msimu.

Ufugaji huu hautofautiani na ule wa Usukumani, Ugogo au Umasaini kwa idadi ya wanyama peke yake. Tofauti kubwa ni kwamba maji hayapo mahali wanapoishi watu. Maji yako mabondeni, na mabondeni ndiko alikozoea kukaa mbung'o, nzi anayeua ng'ombe. Juu ya uwanda, ambako mbung'o ni wachache, hakuna mto hata mmoja. Karibu kila jambo katika maisha ya mfugaji wa Newala linatokana na hali hiyo.

Uwanda usio na mito

Uwanda wa Makonde unaanza karibu na pwani ya Mtwara na Lindi na kupanda polepole kuelekea magharibi. Newala iko kwenye ukingo wake wa juu, kwenye kimo kinachokaribia mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi inakatika ghafla na kuacha genge refu. Mahali panapojulikana kwa jina la Shimo la Mungu, mtu husimama ukingoni na kutazama chini hadi bonde la mto Ruvuma na milima ya Msumbiji ng'ambo yake.

Mvua si haba. Kwa wastani hunyesha takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Lakini udongo ni wa kichanga na miamba iliyo chini yake hupitisha maji, kwa hiyo mvua huzama moja kwa moja badala ya kukusanyika kwenye vijito na mabwawa. Maji hayo hutokea tena kama chemchemi chini ya genge. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka alfajiri na kupanda tena na mitungi kichwani, safari iliyoweza kuchukua saa kadhaa. Mwanazuoni Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliistaajabia safari hiyo na kuuliza kwa nini watu hawakujenga karibu na maji.

Jibu lilikuwa katika simulizi ya asili ya Wamakonde ambayo Weule aliiandika: mababu waliagizwa wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Mtu anayejua tabia za mbu na mbung'o hataicheka simulizi hiyo.

Kwa nini ng'ombe ni wachache

Sababu ya kwanza ni mbung'o, anayeitwa pia ndorobo. Nzi huyu hubeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Mnyama hupungukiwa damu, hukonda ijapokuwa anakula, hutoa mimba, na mwishowe hufa. Mapori ya kusini-mashariki mwa Tanzania, yenye miti ya miombo na wanyama wengi wa porini, yalikuwa makao ya mbung'o kwa muda mrefu. Uwanda wenyewe, ambao umelimwa sana, una nzi wachache kuliko mapori ya chini; lakini ng'ombe aliyepelekwa bondeni kunywa maji hukutana nao.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Katika karne ya 19 eneo hili lilivamiwa mara kwa mara na Wangoni, walioitwa Wamagwangwara au Wamaviti. Mwaka 1882 waliishambulia Masasi, ambako misheni ya Waanglikana ya UMCA ilikuwa imeanza mwaka 1876 kwa kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Wamakonde walijikinga ndani ya vichaka vizito vya uwanda wao. Kichaka kinamficha mtu, na mbuzi pia. Kundi la ng'ombe halifichiki.

Sababu ya tatu ni ya desturi. Mahari ya Kimakonde haikuhesabiwa kwa ng'ombe kama ilivyo kwa Wasukuma, Wagogo au Wamasai. Wamakonde hufuata ukoo wa mama, na heshima ya mwanamume ilipimwa kwa shamba, watu wake na kauli yake barazani. Kwa hiyo hakukuwa na msukumo wa kijamii wa kukusanya ng'ombe. Hata leo kijana wa Newala akipata fedha za korosho huwaza kwanza bati, pikipiki au mashine ya kusaga, na ng'ombe huja baadaye kama anakuja.

Hesabu ya maji

Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu hunywa takriban lita 20 hadi 30 kwa siku wakati wa kiangazi. Ndama hunywa kiasi cha lita 10, na mbuzi au kondoo lita 3 hadi 5. Tuchukue familia yenye ng'ombe mmoja wa lita 25, ndama wake, mbuzi watatu na kondoo wawili wa lita 4 kila mmoja. Jumla ni lita 55, karibu madumu matatu ya lita 20 kila siku, kabla mtu hajanawa uso.

Penye nyumba ya bati, maji huvunwa mvua inaponyesha. Paa la mita za mraba 50, likipata mvua ya milimita 1,000 na kupoteza sehemu ya tano ya maji hayo, hutoa lita 40,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Newala ina matangi mengi yaliyochimbwa ardhini na kusakafiwa kwa saruji, na ndiyo maana mzee anayefikiria kununua ng'ombe huulizwa kwanza habari ya tangi lake. Tangi la lita 20,000 lililojaa mwishoni mwa Mei linapaswa kufika Novemba. Mifugo iliyotajwa hapo juu itakunywa karibu lita 10,000 katika miezi sita hiyo, yaani nusu ya tangi. Nusu iliyobaki haiwatoshi watu sita: kila mmoja angepata chini ya lita 10 kwa siku kwa kupika, kuoga na kufua.

Maji ya bomba yalianza kuletwa juu ya uwanda katika miaka ya 1950, wakati lilipoundwa shirika la maji la Makonde. Maji yalisukumwa kwa mitambo kutoka vyanzo vya chini ya genge hadi kwenye matangi ya juu, kisha yakagawiwa kwenye vituo vya vijiji. Vyanzo vinavyotegemewa hadi leo ni pamoja na Mitema, upande wa Kitangari, na Mkunya. Mradi huo uliwapunguzia wanawake mzigo mkubwa. Hata hivyo kupandisha maji mamia ya mita ni kazi ya gharama: mtambo ukiharibika au nishati ikikosekana, vijiji vya mbali hukaa siku nyingi bila maji. Binadamu hununua dumu kwa mwenye tangi. Ng'ombe naye hununuliwa dumu hilo hilo, kwa bei ile ile.

Wakati wa mvua hesabu hii hulegea. Majani mabichi yana maji mengi ndani yake, na mbuzi anayekula majani yenye umande anaweza kukaa siku nzima bila kugusa ndoo.

Siku ya mfugaji

Kazi huanza saa kumi na mbili asubuhi kwa kufagia zizi. Samadi haitupwi, hulundikwa pembeni chini ya kivuli na baadaye kupelekwa kwenye mihogo na mahindi, kwa sababu udongo wa kichanga wa uwanda huchoka upesi. Wafugaji wengine husema kwamba ng'ombe wa Newala analipa kwa mkia kuliko kwa chuchu, na hesabu ya mavuno haiko mbali na kauli hiyo.

Ng'ombe akiwa na ndama, hukamuliwa kabla ya kutolewa. Ng'ombe wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Ndama huachiwa kidogo, huondolewa na kufungwa mbele ya mama yake, kisha mkamuaji huendelea. Hupatikana lita moja au mbili, zinazotosha chai ya nyumbani na kikombe cha mtoto au mgonjwa. Wamakonde hawakuwa na mazoea ya kunywa maziwa mengi, na utengenezaji wa mtindi na samli haukukua kama kwa jamii za wafugaji.

Watoto hutoa mbuzi na kondoo kabla ya kwenda shule. Kila mnyama hufungwa kamba kwenye mti au kigingi mahali penye majani. Kamba fupi humnyima chakula, na ndefu mno humfikisha kwenye mahindi ya jirani. Kwa hiyo mnyama hupaswa kuhamishwa kiasi cha saa nne, na tena saa nane mchana. Hapo ndipo penye tatizo katika familia nyingi: saa nne watoto wako darasani, na wazazi wako shamba la mbali. Mbuzi aliyejizungusha mtini hadi kamba ikaisha, akashinda juani na kiu, ni jambo la kawaida. Mwalimu wa Newala hujua sababu ya mtoto kuomba ruhusa ya kwenda haja wakati wa mapumziko na kurudi akihema.

Jioni wanyama hunyweshwa na kurudishwa bandani kabla giza halijaingia. Zizi hujengwa karibu na nyumba, pengine ukuta kwa ukuta, kwa sababu ya fisi, chui na wezi. Simba nao si hadithi tu katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania tangu 1990, na mikoa hii ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Wengi walishambuliwa mashambani, mahali ambapo nguruwe pori huharibu mazao na kuwavuta simba.

Kondoo na mbuzi

Kondoo wa Newala ni wa aina ya Afrika Mashariki: ana nywele fupi badala ya sufu, na mkia mnene wenye mafuta. Mafuta hayo ni akiba yake ya kiangazi, kama nundu ilivyo kwa ng'ombe. Watu huyayeyusha na kuyatumia kama dawa ya kuchua na ya kikohozi. Kondoo na mbuzi wote hubeba mimba kwa takriban siku 150, hivyo jike aliyetunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili.

Hata hivyo mbuzi ni wengi zaidi kuliko kondoo, na sababu iko kwenye malisho. Kondoo hula majani mafupi chini. Mbuzi huinua kichwa na kula vichaka, na uwanda wa Makonde una vichaka vingi kuliko nyasi. Kondoo pia huokota mayai na mabuu mengi ya minyoo kwa sababu mdomo wake uko karibu na udongo, hasa mahali alipofungwa siku nyingi mfululizo. Dalili za minyoo ni utando wa ndani wa jicho kuwa mweupe, uvimbe chini ya taya na manyoya kusimama. Banda la kichanja, lenye sakafu ya miti iliyoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, hupunguza tatizo hili kuliko watu wanavyodhani.

Waswahili husema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kwa kuwa kondoo hapigi kelele anapochinjwa. Sifa hiyo ni hasara kwa mfugaji. Mbuzi mwenye maumivu hulia mpaka majirani wakasikia. Kondoo hukaa kimya, husimama nyuma ya wenzake, na mara nyingi mwenyewe hugundua ugonjwa siku ya mwisho.

Malisho na mikorosho

Mikorosho ndiyo inayoamua mahali mifugo inapoweza kwenda. Mnyama akipita chini ya mikorosho mikubwa hula magugu na kuacha samadi, jambo linalompunguzia mkulima palizi. Akipita kwenye miche au mikorosho iliyobebeshwa karibuni, huimaliza. Msimu wa kuokota, kuanzia Septemba au Oktoba, wanyama huzuiwa kabisa, kwani mbuzi, kondoo na ng'ombe wote hupenda mabibo na huyafuata pamoja na korosho zake. Mabibo yaliyokwisha kutenganishwa na korosho ni chakula kizuri, lakini yaliyochacha hulevya, na ng'ombe aliyeyala mengi kwa mara moja huvimbiwa.

Jambo lisilozungumzwa sana ni salfa. Tangu ugonjwa wa ubwiriunga ulipoenea, wakulima hupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho kati ya Juni na Septemba, na unga huo hutua pia kwenye majani ya chini. Salfa ikizidi katika chakula cha ng'ombe au kondoo huvuruga matumizi ya vitamini B1 na kudhuru ubongo: mnyama hutembea kama kipofu na kuanguka. Mfugaji mwangalifu hafungi wanyama kwenye shamba lililopulizwa karibuni, lakini msimu huo ndio ule ule wa kiangazi ambapo majani yameadimika kwingine.

Kwa hiyo mabaki ya mazao hubeba sehemu kubwa ya kiangazi: mabua ya mahindi na mtama, majani ya karanga na kunde, maganda ya mbaazi, na maganda ya mihogo. Majani na maganda ya mihogo michungu yana sumu, na hupaswa kuanikwa hadi yakauke kabla ya kulishwa. Ng'ombe wa kilo 250 huhitaji kiasi cha kilo 6 au 7 za chakula kikavu kwa siku, mzigo ambao mtoto hawezi kuubeba mara moja.

Mifugo kama akiba

Fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka. Korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha TANECU, kinachohudumia Tandahimba na Newala, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007. Malipo hufika kuanzia mwishoni mwa Oktoba na kuendelea. Miezi migumu ni Januari hadi Machi, wakati fedha zimepungua, chakula cha ghalani kimekwisha na mahindi mapya bado. Miezi hiyo huanza na shule kufunguliwa. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na mahitaji ya bweni vimebaki kwa mzazi. Mbuzi au kondoo mmoja huuzwa kwa ajili hiyo. Ng'ombe huuzwa kwa jambo kubwa zaidi: operesheni, msiba au kumalizia nyumba.

Nyama hailiwi ovyo. Huchinjwa mbuzi au kondoo kwa akika, ambayo kwa kawaida ni wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, kwa Idi ya kuchinja, kwa Krismasi, na kwa sherehe za jando na unyago za kiangazi. Kabla ya sherehe hizo bei hupanda, na anayeweza kusubiri hadi wakati huo hufaidika.

Magonjwa

Mbali na nagana, ng'ombe husumbuliwa na magonjwa yanayoletwa na kupe, hasa ndigana kali, ndigana baridi na mkojo mwekundu. Ndigana kali huua ndama na ng'ombe wa kigeni haraka. Dalili yake ya kwanza ni kuvimba kwa matezi chini ya sikio na mbele ya bega. Kinga ni kuogesha mara kwa mara. Josho la kutumbukiza linahitaji maelfu ya lita za maji, kwa hiyo juu ya uwanda wengi hutumia bomba la mkono la kupulizia dawa. Kosa la kawaida ni kupunguza dawa ili itoshe wanyama wengi. Kupe hawafi, na vizazi vyao huizoea dawa hiyo.

Tukio lililowapata wafugaji wa Newala na Tandahimba kwa ukali zaidi katika miaka ya karibuni ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu wa virusi ulithibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, kaskazini, katika Wilaya ya Ngorongoro. Mwanzoni mwa 2010 ulishukiwa kuwa umefika kusini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliuchunguza katika vijiji vya Tandahimba na Newala na kuuthibitisha. Mnyama hupata homa kali, machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni, kikohozi na kuhara. Majike hutoa mimba. Hauambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza sehemu kubwa ya kundi kwa wiki chache. Kwa familia yenye mbuzi na kondoo sita, hiyo ni akiba yote.

Njia uliyopitia ina mafunzo. Watafiti walieleza kwamba ugonjwa uliletwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 700. Watu waliwanunua kwa nia njema, ili kuongeza mifugo yao. Ulipoingia kijijini ulisambazwa na mambo mawili: malisho ya pamoja, na bei. Wenye wanyama wagonjwa waliwauza upesi kwa bei ya chini ili wasipoteze vyote, na watu wa vijiji vingine walifurahia nyama rahisi wakawapeleka kwao kuchinja. Ni vigumu kumlaumu muuzaji aliyekuwa anaona mtaji wake ukifa mbele yake, na ni vigumu vilevile kumlaumu mnunuzi ambaye hakuwa ameuona ugonjwa huo maishani mwake.

Chanjo ipo, na dozi moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Inahitaji kuwekwa kwenye baridi hadi inapotumika, na chupa moja huwa na dozi nyingi, kwa hiyo wafugaji wadogo hulazimika kukusanyika siku moja na afisa mifugo badala ya kila mmoja kununua kivyake. Mnyama mgeni hupaswa kutengwa na wengine kwa muda usiopungua wiki tatu. Katika eneo ambalo kila mnyama hufungwa kamba, kumtenga si jambo gumu: kinachohitajika ni mti wa mbali na ndoo yake peke yake. Mashirika ya kimataifa yamelenga kuutokomeza ugonjwa huu duniani ifikapo mwaka 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kwisha mwaka 2011.

Wafugaji wa kuhamahama

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliondoa mifugo mingi katika bonde la Ihefu na Usangu ili kunusuru vyanzo vya maji, na wafugaji wengi, hasa Wasukuma na Wabarabaig, walielekezwa Mkoa wa Lindi. Baadaye baadhi yao walisogea hadi Mkoa wa Mtwara, wakifuata mabonde yenye maji na majani. Makundi makubwa hayapandi uwandani, kwa sababu ya maji. Hukaa chini, na huko ndiko waliko wakulima wa mpunga na mboga. Migogoro imetokea juu ya mazao yaliyoliwa na njia za kupitishia ng'ombe. Kwa upande mwingine, wageni hao wameongeza nyama na maziwa sokoni, na wameleta ujuzi wa ng'ombe ambao haukuwapo. Mfugaji wa Newala mwenye ng'ombe mmoja hujikuta katikati: yeye ni mkulima anayeogopa kundi la watu mia, na pia ni mfugaji anayemwuliza mwenye kundi hilo jinsi ya kumzalisha ng'ombe aliyekwama.

Ng'ombe wa maziwa

Njia ambayo maafisa mifugo wameipendekeza kwa muda mrefu ni kufuga ng'ombe chotara mmoja wa maziwa ndani ya banda na kumletea majani. Shamba la serikali la Nangaramo, lililoko Wilaya ya Nanyumbu, iliyokuwa sehemu ya Masasi, ni miongoni mwa mashamba yanayozalisha mitamba kwa ajili ya wafugaji. Utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, unaojulikana sehemu nyingi za Tanzania, humpa mfugaji mtamba naye akarudisha ndama jike wa kwanza kwa mwenzake.

Ng'ombe chotara akilishwa vizuri hutoa lita 5 hadi 10 kwa siku, na mjini Newala wanunuzi wapo. Afungiwapo ndani haliwi na kupe wengi, hakutani na mbung'o na haharibu miche ya mtu. Lakini anayekamuliwa hunywa lita 50 hadi 80, mara mbili au tatu ya ng'ombe wa kienyeji, na majani yake ya mabingobingo hayaoti vizuri kwenye mchanga mkavu bila samadi. Wanaofanikiwa kwa kawaida ni wale waliojenga tangi la pili kwanza, wakapanda majani msimu mmoja kabla, na ng'ombe akanunuliwa mwishoni.

Wengine huanza na mbuzi wa maziwa. Hunywa ndoo moja ambapo ng'ombe angekunywa nne, na akina mama wengi huwapendelea kwa sababu hawahitaji mwanamume wa kuwashika wakati wa kukamua.